Kabla Hujavuka Daraja la Tana: Mwongozo wa Anayekwenda Kujitolea Kaskazini Mashariki

Kama umeamua kwenda kujitolea Garissa, Wajir au Mandera kwa mwaka mmoja au zaidi, jibu swali hili kabla hujafikiria chanjo wala begi: ni nani kule aliyekuomba uje? Taja jina la mtu, kazi yake, na jambo lililokwama kwa kukosa mtu kama wewe. "Shirika linahitaji vijana wenye moyo" haitoshi. Kinachotosha ni kama hiki: mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ana mikondo minne ya fizikia na mwalimu mmoja, au mtaalamu wa maabara amekwenda masomoni, na darubini ya kupimia makohozi imefunikwa kitambaa tangu aondoke. Mpigie mtu huyo mwenyewe. Muulize angefanya nini usipokuja. Akikujibu kwamba angeendelea vizuri tu, mshukuru utafute kwingine.

Namwandikia Mtanzania, Mganda au Mkongomani anayefikiria kuvuka mpaka, na vilevile Mkenya wa Machakos au Kakamega, maana kwa mambo mengi yeye naye atakuwa mgeni kama wao. Mjini Garissa bado utamsikia mtu anayepanda basi la Nairobi, safari ya kilomita 370 hivi, akisema anakwenda Kenya.

Usemi huo una historia yake, na kuisoma ni sehemu ya maandalizi yako. Wakoloni waliifanya kaskazini kuwa wilaya iliyofungwa, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Uhuru ulipokuja, vita vya Shifta, vya waliotaka kujiunga na Somalia, vikaanza mwaka 1963, na sheria za hali ya hatari zikaendelea kuwabana wakazi hadi 1991. Sera ya uchumi ya 1965, ile ya Waraka Namba 10, ilielekeza fedha kwenye maeneo yenye mvua na mashamba, na huku mvua ni kidogo. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi, hapa hapa Garissa, ulichomwa na watu wakauawa na vikosi vya usalama. Februari 1984 yakatokea mauaji ya Wagalla, karibu na Wajir. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 imeyaandika haya kwa urefu, na inapatikana bure. Isome. Utakapoingia manyatta na daftari ukaanza kuandika majina ya watu na idadi ya watoto wao, mama mmoja aliyekuwa msichana mwaka 1980 anaweza kunyamaza kabisa, na utajua kwamba kimya chake si ujinga wala uhasama. Kwa miaka mingi Wasomali wa Kenya, wenyeji walio wengi huku, walihojiwa na kamati maalumu ndipo wapewe kitambulisho. Utaratibu huo rais aliufuta Februari 2025 tu. Orodha na maswali ya wageni vina uzito wake kwa watu hawa.

Waliokaa

Eneo hili limepokea wageni wengi wenye nia njema. Ukame wa 2011 ulipowafurusha watu kutoka Somalia, kambi za Dadaab, zilizoanza kujengwa 1991 kwa ajili ya watu 90,000, zilipita watu 400,000, na nyuma yao yakaja magari meupe, wapiga picha na wafanyakazi wa miezi mitatu. Waliokoa maisha, hilo halina ubishi. Lakini dharura ni kazi ya aina yake, yenye watu wake waliofunzwa. Wewe unayekwenda kujitolea kwa muda mrefu unakwenda kufanya kazi nyingine, na mfano wake bora ninaoujua uko Wajir.

Annalena Tonelli alifika Kenya kutoka Italia mwaka 1969 akiwa amesomea sheria, na Wajir alianza kwa kufundisha sekondari. Udaktari hakuwa nao. Akawaona wagonjwa wa kifua kikuu wakianza dawa kisha wakitoweka, kwa sababu matibabu ya siku zile yalichukua mwaka na zaidi, na mwenye ngamia hawezi kuwaweka kisima kimoja mwaka mzima. Yeye na wenzake wakawakaribisha wagonjwa waje na vibanda vyao, vile vinavyofungwa mgongoni mwa ngamia, wavisimamishe mbele ya kituo, waishi pale miezi sita, wameze dawa mbele ya macho ya mhudumu, waondoke wamepona. Mwaka 1976 akapewa kusimamia mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wafugaji kwa njia hiyo. Leo kumeza dawa ya kifua kikuu ukiangaliwa ni jambo la kawaida duniani kote.

Angalia ilivyokwenda. Alifika, akafundisha, akatazama, na miaka ikapita kabla ya wazo lenyewe. Tena wazo halikuja kwenye sanduku kutoka Ulaya; lilikuwa limesimama pale pale, kibanda cha mfugaji. Mtu wa miezi mitatu asingeliona. Mauaji ya Wagalla yalipotokea alikuwa miongoni mwa waliotafuta majeruhi na kukusanya maiti, akafikisha habari nje, na baada ya hapo akalazimika kuondoka Kenya. Alihamia Somalia, akapewa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi mwaka 2003, na Oktoba mwaka huo huo akauawa kwa risasi Borama, katika hospitali aliyoianzisha. Sikutajii maisha yake ili uyaige yote. Nataka uone kwamba muda ndio uliokuwa chombo chake cha kazi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza wa vitendo: usikubali chini ya mwaka mmoja, na miaka miwili ni bora. Miezi mitatu ya kwanza usiibebeshe jukumu lolote kubwa. Mwambie msimamizi wako hivyo mapema, ili asikushangae unapokaa kwenye benchi la wagonjwa ukisikiliza.

Wanaojitolea tayari

Ukifika utakuta kazi yako ina mwenyewe. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, tume ya kuajiri walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wa eneo hili, na katika shule nyingi waliobaki ubaoni ni vijana waliomaliza kidato cha nne juzi, wanaolipwa kidogo na bodi ya shule au hawalipwi kabisa. Vituo vya afya vinategemea wahamasishaji wa afya wa jamii, ambao tangu 2023 wamewekewa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi na wanatembea nyumba hadi nyumba katika jua hili. Dadaab, katika Ifo, Dagahaley na Hagadera, sehemu kubwa ya kazi za shule na hospitali hufanywa na wakimbizi wenyewe kwa malipo ya motisha, sehemu ndogo sana ya anachopata mfanyakazi aliyetoka nje ya kambi kwa kazi ileile.

Hao ndio wenzako, na wao ndio waliotangulia kujitolea. Kabla ya kufunga safari muulize msimamizi utafanya kazi na nani kati yao, kwa majina. Mpango mzuri una mtu mmoja au wawili ambao, ukiondoka, watakuwa wanajua unachojua wewe. Mpango usio na mtu huyo ni hasara kwa pande zote, hata kama wewe utakuwa na picha nzuri za kuonyesha nyumbani. Na uwe tayari kisaikolojia kuwa chini ya mtu mwenye cheti kidogo kuliko chako. Yule binti wa kidato cha nne anajua ni mtoto gani hajala tangu jana, ni nyumba gani ina harusi, na kwa nini nusu ya darasa haitakuja wiki ambayo mifugo inahamishwa.

Jambo moja nalikataza bila kuzunguka: usiende kujitolea kwenye nyumba ya watoto yatima. Kenya ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za aina hiyo Novemba 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudishwe kwenye familia. Wengi wao wana mzazi au jamaa. Mgeni anayekuja kuwabeba, kuwazoesha na kuondoka huwaachia jeraha. Ukitaka kuwasaidia watoto, isaidie shule ya kutwa au kliniki ya mama na mtoto.

Karatasi

Hapa nitapita haraka, ila usipite haraka wewe. Muhuri unaogongewa mpakani, hata kama wewe ni raia wa Afrika Mashariki na husumbuliwi na kibali cha kielektroniki kilichoanza Januari 2024, ni wa kutembelea. Kujitolea kunahesabiwa kuwa kazi na kunataka kibali chake. Kile cha daraja la I ndicho cha shughuli za dini na hisani, na shirika linalokupokea ndilo linalopaswa kukuombea. Anza miezi kadhaa kabla. Muuguzi, daktari na mwalimu wote wana bodi zao Kenya, na leseni ya kwenu haitambuliki mpaka bodi hizo ziseme. Leta cheti cha tabia njema kutoka polisi ya nchi yako na nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili. Kuingia kambini Dadaab kunahitaji ruhusa ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, hata kama una kibali cha kazi.

Kwa upande wa shirika, hakikisha limesajiliwa. Sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma ilianza kutumika Mei 2024, kwa hiyo omba kuona cheti chenyewe. Zipo njia zilizonyooka. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wanaojitolea, lililoanzishwa 1970 na lenye makao yake Bonn, hupeleka watu kwenye ofisi za wakimbizi. Msalaba Mwekundu wa Kenya una tawi Garissa. Makanisa na misikiti pia hupokea watu, na baadhi ya kazi zilizodumu kuliko zote zimefanywa hivyo.

Upate mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja. Uandikwe msimamizi wako ni nani, utalala wapi, bima yako inalipa ndege ya wagonjwa au hailipi, likizo ni lini, na ni nani mwenye uamuzi wa kukuondoa hali ikiharibika, kwa gari la nani. Wasipotaka kuliandika hilo la mwisho, usiende.

Usalama

Hapa sitakupunguzia neno. Oktoba 2011 wanawake wawili Wahispania wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walitekwa Dadaab, wakaachiwa Julai 2013. Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalivamiwa siku ya Jumapili. Novemba 2014 abiria 28 wasio Waislamu walishushwa kwenye basi karibu na Mandera wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Aprili 2019 madaktari wawili wa Cuba walitekwa Mandera asubuhi wakienda kazini, ingawa walikuwa na askari. Waliofanya haya wanamtafuta mtu asiye wa eneo, na hasa asiye Mwislamu.

Ujue pia upande wa pili. Desemba 2015 basi jingine liliposimamishwa karibu na El Wak, abiria Waislamu waliwapa wenzao ushungi wajifunike na wakakataa kugawanywa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafa mwezi uliofuata. Wenyeji nao huzikwa katika mashambulizi haya, na atakayekulinda, ikifikia hapo, ni mwenyeji.

Kwa hiyo tenganisha mahali na mahali. Mji wa Garissa leo una maisha yake ya kila siku: benki, vyuo, hoteli, soko la mifugo linalojaza uwanja vumbi na mbuzi, tuktuk hadi usiku. Njia za mpakani kuelekea Liboi, upande wa msitu wa Boni na Ijara, na barabara za Mandera ni habari nyingine kabisa. Kama si mwenyeji na umepangiwa kijiji kilicho karibu na mpaka, nasema ukatae. Omba kukaa mjini, ufanye kazi na walimu au wahudumu wa vijijini wanapokuja mjini likizo au kwa mafunzo. Utawafikia watoto wengi zaidi kupitia wao, na hutakuwa sababu ya kijiji kuvamiwa.

Wafanyakazi wa mashirika huenda Dadaab, kilomita 100 hivi kutoka mjini, kwa msafara unaosindikizwa na polisi, au kwa ndege ndogo kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Usiuache msafara kwa sababu umechelewa na dereva wa Probox amekuambia njia ni shwari. Usitangaze safari yako kwenye simu ukiwa sokoni. Picha ziweke mtandaoni ukishaondoka mahali hapo, ukiziweka. Saa ya kutoka nyumbani na njia ya kwenda kazini zibadilike. Na kila asubuhi muulize mlinzi au mama wa chai hali ikoje. Wao husikia kabla ya ofisi. Vizuizini, kuanzia pale kwenye daraja la Mto Tana unapoingia mjini, shuka na abiria wenzako, shika kitambulisho au pasipoti mkononi, jibu kwa upole. Utaona kwamba abiria Msomali ndiye anayekaguliwa kwa muda mrefu zaidi. Msubiri bila kunung'unika.

Waambie wazazi wako au mwenzi wako haya yote kabla ya kuondoka. Ni haki yao kujua, na ni haki yao kukukataza.

Joto, maji na mwili

Garissa miezi ya joto hufika nyuzi 35 hadi 38, na Februari na Machi hata usiku ukuta wa nyumba unatoa joto. Wiki mbili za kwanza mwili utachoka bila sababu. Kunywa maji kabla ya kiu, tia chumvi kwenye chakula, na fuata saa za wenyeji: kazi nzito alfajiri na jioni, mchana kivulini. Chagua nyumba kwa kuangalia dari na mti uani kabla ya kuangalia vigae. Feni itakusaidia umeme ukiwepo. Mtaani maji yanaweza kuja kwa mkokoteni wa punda katika mitungi ya lita 20. Mjue muuza maji wako kwa jina na mlipe bila kuchelewa, kwa sababu siku mtambo wa mji ukiharibika yeye ndiye atakayekukumbuka. Wajir visima ni vifupi, maji yake yana chumvi, na kwa kuwa maji yako karibu na vyoo, chemsha au tia dawa kila tone, hata la kusukutulia meno.

Pata chanjo ya homa ya manjano, homa ya ini A na B, pepopunda, homa ya matumbo, na uongeze dozi ya polio. Kadi ya njano itunze na pasipoti, utaombwa ukirudi Tanzania. Kipindupindu hurudi kambini na mitaani kila mara. Malaria huja na mvua, na kwa kuwa haipo mwaka mzima watu huisahau. Mwaka 1998, baada ya mafuriko, iliua wengi Wajir. Homa ya Bonde la Ufa iliyoanzia Garissa mwishoni mwa 2006 iliua watu zaidi ya 150 Kenya: usiguse damu ya mnyama aliyekufa mwenyewe, na maziwa yachemshwe. Hili la maziwa litakupa shida, maana maziwa ya ngamia mabichi, yenye harufu ya moshi wa chombo chake, ni heshima kupewa. Sema daktari amekukataza, uombe chai ya maziwa badala yake, hakuna atakayeudhika.

Na kuna kalaazar, ugonjwa wa usubi wa mchanga, unaovimbisha wengu na kuua mtu asipotibiwa. Usubi huo hukaa kwenye nyufa na vichuguu vya mchwa. Usilale nje karibu na kichuguu, na nunua chandarua chenye matundu madogo kuliko cha kawaida. Homa ya wiki mbili ikikusumbua na vipimo vya malaria vikawa safi, mtajie daktari jina hilo, hasa kama umesharudi kwenu ambako hajawahi kuuona.

Kukaa na watu

Kiswahili chako kitakufikisha mbali mjini, na kwa Wapokomo na Wamunyoyaya wa kando ya mto. Lakini kliniki na darasa la kwanza vinakwenda kwa Kisomali. Tafuta mwalimu wa lugha wiki ya kwanza, mlipe, na usiache hata ukichoka. Salamu haikatizwi: assalamu aleikum, habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, ndipo shida yako. Mzee mwite abti, bibi mwite ayeeyo, kijana mwite kwa jina lake. Yale majina ya dharau ambayo Nairobi humwita Msomali yaache ng'ambo ya daraja.

Mwanamume usimpe mwanamke mkono mpaka yeye autoe. Mkono kifuani unatosha. Mwanamke, vaa dera au sketi ndefu na ushungi mwepesi. Hutakuwa unabadili dini, na kwa jua lile utaushukuru. Mwanamume, kaptura ni ya chumbani. Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Panga mafunzo yaishe saa sita, na ukialikwa kufuturu, nenda. Ijumaa mchana usiitishe mkutano. Usipige picha ya mtu, hasa mwanamke, bila ruhusa, na usipige kabisa daraja, kambi ya jeshi wala kizuizi.

Kuhusu koo: usimuulize mtu ukoo wake, lakini ujue upo. Garissa kuna Abdwak, Aulihan, Abdalla. Wajir kuna Degodia, Ajuran, Muhammad Zubeir. Mandera kuna Garre, Murule na wengineo. Ukiajiri msaidizi, ukikodi gari, ukichagua kijiji cha kuchimbiwa kisima, umechagua upande hata kama hukukusudia. Kabla ya uamuzi wa namna hiyo kaa na msimamizi, chifu, imamu na kikundi cha kina mama, na vikao hivyo visifanyike ofisini kwako. Fedha za msaada usizigawe kwa mkono wako, hata mtu akilia mbele yako. Mpeleke kwa kamati inayosimamia msaada huo. Ukianza kutoa, kesho mlango utajaa, na mwenzako wa posho ya 5,000 atabaki akijieleza kwa majirani kwa nini yeye hatoi.

Safari ya kwanza ya kutazama, kama unaweza kuigharamia, ifanye Januari hadi Machi, wakati wa Jilaal, kiangazi kikali. Utaona mji ulivyo katika shida yake, mifugo ikikusanyika majini na shule zikipungua watoto. Aliyefika baada ya mvua ya Aprili, nyasi zikiwa kijani, hupanga mambo ambayo Februari haiyakubali. Mvua nazo zina hatari yake: Novemba 2023 na tena Aprili 2024 Tana ilikata barabara upande wa Madogo, watu wakavuka kwa boti, na mojawapo ikazama. Weka akiba ya chakula, dawa zako za miezi mitatu, na pesa taslimu kidogo nyumbani, maana M-Pesa inakwenda na mtandao.

Kuondoka

Tarehe ya kuondoka ipange siku ya kwanza na uitangaze. Miezi sita kabla ya siku hiyo, yule uliyepangiwa kufanya naye kazi aanze kuwa mbele nawe nyuma: afundishe yeye wewe ukiwa mwisho wa darasa, asome slaidi yeye wewe ukithibitisha. Ukiona hakuna aliyepatikana, waambie waliokutuma waziwazi na uombe muda uongezwe au kazi ifungwe kwa utaratibu, wagonjwa wakiwa wameshajua waende wapi. Mwezi wa mwisho zunguka kwa chifu, kwa imamu, kwa kina mama, ukiwa naye, umtambulishe kwa cheo chake. Funguo za stoo, pasiwodi za kompyuta, daftari la dawa na namba ya fundi wa jenereta viwe mikononi mwake kabla hujakata tiketi ya basi.